Mama Namnyaki, Aliyesubiri Jibu

Baada ya miaka kumi na tisa katika ofisi yetu hapa Arusha, Mama Namnyaki Lesian, mjaribu programu, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu.

Alianzia mapokezi. JavaScript, lugha ya kuandikia programu, alijifunza akiwa na miaka arobaini na sita, na tangu hapo programu zetu zote zilipita mkononi mwake. Hakuuamini mtandao wa ofisini. Alipanda na simu yake njia za miguu za Nkoaranga, mlimani, akabonyeza kila kitufe mara mbili, akarudi na viatu vya matope kuwatania vijana: "Programu yenu inaogopa mlima, jamani!"

Mwaka juzi Mzee Mika, mkuu wa waandishi wa programu, aliwaandalia wakulima wa maharage machanga wa Kikwe programu ya kuitia gari la mazao. Ili aijaribu bila kuwasumbua madereva, alitumia kitendakazi bandia, yaani kipande cha msimbo kinachojifanya mtandao na kujibu unavyokiagiza. Alikiagiza kikatae, aone kama mkulima ataambiwa ujumbe haujafika. Jaribio likawaka kijani, ishara kwamba limefaulu.

Mama Namnyaki alilisoma, akasema, "Mzee, hapa umepiga hodi ukaandika umekaribishwa. Jibu hujalisubiri."

Alikuwa sahihi. Jibu la mtandao huja baadaye; jaribio lisiloambiwa lisubiri humalizika kabla ya kukagua chochote. Mzee Mika alicheka, akaahidi kulirekebisha jioni ile. Mama akasaini kwamba programu iko tayari, kwa kumwamini. Mzee hakulirekebisha.

Wiki ya mvua kubwa mtandao ulikatika. Ujumbe wa wakulima haukufika, lakini programu iliwaambia gari linakuja, na maharage yao yakanyaukia kando ya barabara. Kikaoni, meneja aliuliza nani alisaini. Mzee Mika akatazama meza. Barua ya onyo ikaenda kwa Mama Namnyaki, naye hakumtaja mtu. Kesho yake alimwuliza Mzee Mika jambo moja tu: kama lile jaribio sasa linasubiri.

Mzee Mika ndiye anayeandika wasifu huu. Wiki iliyopita alimwandikia meneja ukweli wote. Onyo limeondolewa kwenye jalada la Mama, likawekwa kwenye lake. Limechelewa miaka miwili, na aibu haipungui kwa kuandikwa vizuri.

Asante, Mama Namnyaki. Huko nyumbani, migomba yako ikupe kivuli na afya. Siku mwandishi huyu atakapopiga hodi kwako, atasimama nje mpaka ajibiwe.