Mwalimu Aliyefundisha kwa Figo Zake Mwenyewe

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Mei 1965, mtoto wa pili kati ya watano. Baba yetu alikuwa mwashi na mama alikuwa mkunga wa zahanati. Mimi ninayesoma ni kitindamimba, fundi cherehani, na familia imeniomba nisome kwa upole. Nitajaribu. Ratiba ya mazishi mliyoshika mkononi ilirudi kwa mchapaji mara mbili, kwa sababu baba yetu mdogo alitaka iandikwe kwamba dada alifariki “baada ya kuugua kwa muda mrefu.” Nilikataa. Aliugua kwa muda mrefu, ni kweli, lakini si hicho kilichomuua, na baba mdogo anajua.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1972 hadi 1978, na sekondari kuanzia 1979 hadi 1982. Ripoti zake zote zilimsifu kwa hesabu na kumlaumu kwa mdomo. Mwalimu wa sayansi aliwahi kumtoa nje ya darasa kwa kuuliza mara tatu kwa nini damu ya kidonda huganda yenyewe, naye akakaa chini ya dirisha akiendelea kuuliza kutoka huko. Nyumbani hakuna aliyemeza kidonge kabla dada hajasoma kikaratasi chake, hata kile kilichoandikwa kwa lugha asiyoijua. Tulikuwa tunakohoa pale huku yeye akitafuta kamusi. Mwaka 1983 aliingia chuo cha uuguzi, akamaliza 1986 akiwa wa kwanza katika darasa lake.

Alifanya kazi wodini kwa miaka minane, kisha akasomea ualimu, na kuanzia Januari 1996 hadi alipofariki alifundisha wanafunzi wa uuguzi masomo mawili: namna ugonjwa unavyouharibu mwili, na namna dawa zinavyofanya kazi. Makoti yake meupe nilimshonea mimi, yote, na kila mwaka aliniagiza nipanue mifuko kwa sababu ya chaki, mirija na vichupa vitupu. Mirija ilikuwa ya somo la pumu. Kila mwanafunzi alipewa mmoja, akabana pua na kupumulia mrija huo kwa dakika nzima huku akipanda ngazi za chuo. Walipofika juu wakitweta, macho yamewatoka, aliwauliza, “Sasa mgonjwa akikwambia hapati pumzi, utamwambia aache kujidekeza?”

Lakini alijulikana zaidi kwa trei ya dawa. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa kabla ya kujibu maswali matatu kwa sauti. Dawa hii inaenda wapi? Ikifika inafanya nini? Nani asipewe? Mwaka 2008 aliwafelisha wanafunzi thelathini na moja kwa mkupuo mmoja kwa kusahau swali la tatu. Wakambandika jina la Mama Asipewe, naye akalipenda. Wazazi walikuja juu, akawapokea na kuwauliza mmoja mmoja wangependa mtoto wao amchome nani sindano kwanza, mgeni au wao wenyewe. Malalamiko yakaisha.

Mkuu wa chuo yupo, amekaa mstari wa pili, na nimekuona unatazama saa. Miaka miwili iliyopita ulipunguza vipindi vyake kutoka sita kwa wiki hadi viwili. Ulimwambia mbele ya walimu wenzake kwamba nesi hahitaji kujua kwa nini, anahitaji kujua namna. Alirudi nyumbani siku hiyo, akakaa kwenye kiti changu cha kushonea akiwa na koti lake mwilini, akasema, “Wanataka mikono tu. Kichwa wakiache getini.” Leo umeleta hotuba ya kurasa nne juu ya mchango wake. Isome, lakini ujue sisi tunakumbuka.

Alifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1992 na dereva wa gari la wagonjwa. Shemeji alipokuja kutoa posa, dada alimwambia kwanza alete dawa zote alizonazo chumbani kwake. Yule bwana akadhani ni mzaha, akaleta mfuko. Ndani mlikuwa na dozi saba zilizoachwa katikati. Alisomeshwa saa nzima mbele ya wazee waliokuja kumsemea, na posa ikasogezwa mbele wiki mbili. Waliishi vizuri mpaka shemeji alipotangulia mwaka 2015, na kwa miaka yote hiyo hakuthubutu kuacha kidonge hata kimoja. Walijaliwa watoto wawili.

Mwaka 2019 dada aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Nimesikia watu wakinong’ona hapa tangu juzi kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Dada yangu hakuficha kitu. Alichukua majibu yake ya maabara, akafuta jina, akayaandika ubaoni: mama wa miaka hamsini na nne, figo zinachuja kidogo sana, presha iko juu, miguu inavimba. Halafu akawauliza wanafunzi huyu mama asipewe nini. Wakaorodhesha. Ya kwanza kila mwaka ilikuwa diklofenaki, ile sindano ya maumivu inayochomwa kila mahali kama maji, ambayo figo dhaifu haziiwezi. Kila mwaka alileta majibu mapya, na kila mwaka yule mama alizidi kuchoka. Darasa la mwisho ndilo lililogundua, kwa sababu mwanafunzi mmoja aliangalia ubao, kisha akaangalia miguu ya mwalimu. Wakaanza kulia. Akawaambia, “Mtalia baadaye. Jibuni swali.”

Jumapili tarehe 13 Agosti 2023 alipandwa na homa kali, akaanza kuweweseka na kulia maumivu ya mgongo. Tulimfikisha hospitali saa nane mchana. Faili lake la zamani, lenye habari zote za figo, halikuonekana. Lilitafutwa kwa dakika tano hivi, kisha likafunguliwa jipya, na ndani yake dada yangu akawa mtu mwenye homa na maumivu ya mgongo, basi. Nayajua haya kwa sababu nilikuwa nimesimama kando ya kitanda, nimeshika viatu vyake.

Nesi wa zamu alikuwa binti kutoka darasa lile la mwisho. Alimtambua mara moja. Daktari alipoandika diklofenaki, binti hakuigusa. Akasema, “Daktari, huyu figo zake ni mbovu. Ni mwalimu wangu, namjua. Hii itammaliza.”

“Faili linasema hivyo?”

“Faili ni jipya. Tusubiri basi hata majibu ya maabara.”

“Mgonjwa analia maumivu, wewe unaniletea habari za darasani! Umeanza lini kuandika dawa?”

Daktari akaichukua sindano, akamchoma mwenyewe. Kisha akamsukumia binti karatasi ya dawa akamwambia aweke sahihi kwamba imetolewa. Binti akaweka sahihi. Zamu zilizofuata zilifuata karatasi, asubuhi na jioni, siku tatu. Jumatano mkojo ulikata kabisa. Alhamisi tarehe 17 Agosti, saa nne asubuhi, dada yetu alifariki. Siku hiyohiyo, saa saba mchana, faili la zamani lilipatikana. Lilikuwa juu ya kabati.

Waombolezaji wengi wamenishika mkono wakaniambia kazi ya Mungu haina makosa. Sawa. Ya daktari inayo. Na hospitali iliyotuletea lile shada pale, kubwa kuliko la watoto wake, imemsimamisha kazi yule binti, kwa sababu sahihi kwenye karatasi ni yake. Kamati ya nidhamu inakaa Jumatatu tarehe 21, saa tatu asubuhi. Daktari ameandika kwamba hakuna aliyemwonya. Mgonjwa wa kitanda cha jirani hakuwa na fahamu. Binti akikosa shahidi, atanyang’anywa leseni, na itaandikwa kwamba Mama Asipewe aliuawa na mwanafunzi wake mwenyewe.

Marehemu ameacha binti yake wa kwanza, ambaye ni karani wa posta, na mwanawe wa kiume, fundi wa kuchomelea vyuma. Ameacha wajukuu watatu, kaka mmoja, dada wawili, na wauguzi zaidi ya elfu moja waliopita mikononi mwake, ambao wengi wao wamekuja leo na sare zao na wamelia kuliko sisi. Yule binti pia amekuja. Amesimama nyuma kabisa karibu na geti, kwa sababu anaogopa familia.

Na ameniacha mimi. Binti, sogea mbele, maana hili ni lako. Watu wote wamesikia kwamba nilikuwa kando ya kitanda, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nilisema nini. Figo za dada nilizijua. Kliniki ya kila mwezi nilimpeleka mimi, kwa miaka minne. Binti alipoona daktari hasikii, alinigeukia mimi. “Baba, mwambie basi. Wewe ni ndugu yake.”

Daktari aliniangalia. Nikaona koti lake, nikaona viatu nilivyoshika, nikajiona fundi cherehani. Nikamjibu binti, “Mwanangu, mwache daktari afanye kazi yake.”

Ndiyo maana nimemkasirikia kila mtu tangu Alhamisi. Maneno hayo nimeyachapisha humu kwenye ratiba, nakala mia nne, ili Jumatatu nikiingia mbele ya kamati nisipate njia ya kuyakana. Binti alionya. Daktari alisikia. Mimi nilisikia.

Dada yetu apumzike kwa amani. Mimi msiniombee amani hiyo kabla ya Jumatatu.