Mama Aliponiamkia Shikamoo

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Asifiwe Mola aliyenipa mdomo wa kusimulia haya! Mimi ni Mwanaidi wa Dunda, hapa Bagamoyo, binti wa Bi Zuhura, yule mchanganya udi aliyewafukiza maharusi wa mji huu, na binti zao nao.

Ndugu zangu, asubuhi moja mama aliniamkia, "Shikamoo." Mimi, mwanawe wa kumzaa! Nilidhani ananitania. Kesho yake akamwamkia mjukuu wake wa chekechea. Mtaa ukajaa maneno: mzee hamwamkii mtoto, huyo ni jini anayesema kwa kinywa chake. Kaka yangu Athumani akamwita fundi wa kupunga majini, mbuzi akafungwa uani. Mama angefunikwa shuka, afukizwe, achezeshwe ngoma usiku kucha, na kifua chake kile kibovu. Niliogopa atatufia mikononi.

Hospitali nako mama hakutaka. Alishasikia kwamba mgonjwa wa kusahau hutobolewa uti wa mgongo, avutwe maji. "Mimi sitoboki," akasema, na mama akisema amesema.

Mola hamtupi mja wake. Wakaja Bagamoyo madaktari wanaojaribu kuutambua ugonjwa huo bila sindano. Nikamwambia kaka, "Nipe siku hii moja, kisha mbuzi ni wako." Daktari, binti mdogo tu, akapiga magoti. "Shikamoo bibi. Hatutoboi kitu." Akampiga picha nyuma ya jicho, akachukua mate kidogo, akamnusisha vichupa. Karafuu, mama hakuijua. Udi, hakuujua. Nililia, jamani. Pua iliyolisha nyumba yetu!

Daktari alisema vipimo hivyo ni dalili tu, havitoshi peke yake. Mama akahojiwa, akapigwa pia picha ya kichwa. Ni Alzheimer, ugonjwa unaokula kumbukumbu, na pua huweza kutangulia kupotea. Dawa ya kuuondoa hakuna. Lakini jini pia hakuna! Nilitoka pale nikipiga vigelegele. Kaka aliposikia, akaenda uani akamfungua mbuzi. Tukamchinja kwa kisomo cha shukrani, na mama alikula nyama kutushinda sote.

Nawaomba, mwenye mzee anayepotea asimkimbize ngomani. Mtegemee Mola, kisha umpeleke akapimwe. Leo asubuhi mama ameniamkia tena. Zamani nilikuwa naruka. Sasa namshika mkono, naitika, "Marahaba, mama," naye anatabasamu, ameridhika kwamba ameitikiwa.