Mwalimu Zefania Simiyu na Timu ya Jumamosi

Baba yetu, Mwalimu Zefania Simiyu, alizaliwa tarehe 4 Juni 1955 huko Kimilili, wilayani Bungoma, Kenya, akiwa wa nne kati ya watoto saba.

Alisoma shule ya msingi nyumbani, kisha sekondari mjini Bungoma, alikojifunza mpira wa vikapu kwenye uwanja wa vumbi wenye goli moja. Niliwahi kumuuliza walichezaje na goli moja. Akasema, "Kwa zamu." Mwaka 1978 alihitimu ualimu, akafundisha hesabu miaka kumi na minane.

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na mama yetu, Domina. Walijaliwa watoto wawili: Nehemiah, na mimi Audrey ninayesoma haya.

Mwaka 1996 tulihamia Laurel, jimbo la Maryland, Marekani. Vyeti vyake havikumpatia darasa huku, kwa hiyo alifanya kazi katika nyumba ya wazee Rockville, akiwainua, akiwaogesha na kuwalisha, mara nyingi zamu mbili mfululizo. Alikuwa akisinzia kabla hajamaliza kuvua viatu. Lakini kila Jumamosi saa tatu asubuhi alikuwa nyuma ya kanisa letu, akiwafundisha watoto kumi na wawili mpira.

Kazini alibishana miaka sita na rafiki yake Mwita, wa Tarime. Chuo Kikuu cha Maryland walipochukua kombe la vyuo la mpira wa vikapu mwaka 2002, Mwita alikuja na kofia yao nyekundu.

"Mwalimu, hii sasa ni timu kubwa ya nyakati zote. Kubali."

"Kombe moja, Mwita."

"Kwani unataka mangapi?"

"Si hesabu ya makombe. Vijana wa chuo huondoka baada ya miaka minne, habaki hata mmoja. Kubwa ni ile inayobadilisha watu wote na bado ukifika Machi, mwezi wa mashindano, unaikuta. Kocha wao akitoka, ndipo tutajua."

"Basi tutazeeka tukingoja," Mwita alisema, na kofia hakuvua.

Mwaka 2007 figo za Baba zilishindwa. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, na ilimchosha kuliko zamu zote. Jumamosi alifundisha akiwa ndani ya gari, dirisha wazi, blanketi miguuni. Siku ambazo hata hilo lilimshinda, aliniuliza nikirudi, "Walikuja wangapi?" Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 11 Machi 2008, akiwa na miaka 52.

Jumamosi iliyofuata ilitukuta bado hatujamzika. Kwetu, kazi husimama mpaka mazishi. Shangazi Adela, dada yake, alisema, "Mtu hajaingia kaburini, nani ana roho ya kudundadunda mpira?"

Mwita alikuwa ameketi mlangoni. "Dada Adela, kwa heshima yako. Mwalimu alinibishia miaka yote hiyo kwamba timu hupimwa kocha akitoka. Sasa ametoka."

"Wewe hata kufunga goli hujui."

"Sijui, dada. Lakini kusimama pale nitasimama."

Mama alichukua filimbi ya Baba kwenye msumari, akampa Mwita.

Watoto saba walikuja. Walicheza vibaya, na Mwita alipuliza filimbi mahali pasipofaa. Niliporudi, Mama aliniuliza, "Walikuja wangapi?" Nikamwambia saba. Akasema saba wanatosha kuanza.

Mmeuliza kwa nini mazishi yamewekwa saa nane mchana. Mama ndiye aliyepanga. Leo ni Jumamosi, na saa tatu asubuhi ilikuwa na wenyewe, nyuma ya kanisa.

Ameacha mke wake, Domina, watoto, Nehemiah na Audrey, dada yake, Adela, ndugu watatu walioko Kimilili, rafiki yake, Mwita, na timu.

Alichoka sana, Baba. Sasa apumzike, na apumzike kwa amani.