Vyuma vya Afande Ocira

Natangaza rasmi kwamba mimi, mwanafunzi wa bweni mwenye nidhamu, sisikilizi mazungumzo ya watu. Ila katika taksi iliyojaa abiria kutoka Nakivubo kwenda Bwaise, masikio yangu yaliingia kazini bila idhini yangu.

Kando yangu polisi mmoja, jina lake Ocira likiwa kifuani, alikuwa akimweleza mama mmoja Mkongo, muuza vitenge, kwamba leo anang'oa vyuma vya kinga vinavyotokeza kando ya injini ya pikipiki yake kubwa ya safari.

"Jumamosi nampeleka mke wangu Gulu, na vile vyuma ni uzito bure. Jumapili iliyopita nimeegesha shuleni kwa binti yangu, narudi nakuta pikipiki imelala chini, vyuma vimepinda. Sasa hiyo ni kinga gani?"

"Afande, vimepinda ili injini isipasuke," mama alisema. "Wewe ving'oe, halafu njiani upinde mguu wa mke wako."

"Mke wangu haanguki. Anaendeshwa na polisi."

"Na Jumapili nani aliiangusha?"

"Upepo."

"Upepo wa kuangusha kilo mia mbili! Huo ungekubeba na wewe."

Nilimwonea huruma mke wa Afande, nikasahau nidhamu yangu. "Usiving'oe, Afande," nikasema. "Bila vile vyuma ningevunjika mguu."

Taksi ilisimama Bwaise. Hakuna aliyeshuka. Wote walinigeukia, basi nikakiri: Jumapili ile, shuleni kwetu, nilikuwa nimeipanda pikipiki yake ili nipigwe picha.