Printa ya Baba Imegoma

Fundi: Haloo? Ni nani?

Dada: Haloo! Unanisikia?

Fundi: Nakusikia nusu nusu. Nani mwenzangu? Niko na mteja hapa, mashine yake nimeifumua yote iko mezani, naomba nikupigie bada—

Dada: Kaka, ni mimi.

Fundi: Dada? Mbona namba ngeni?

Dada: Simu ya shemeji yako hii. Yangu imezima, tangu alfajiri napokea pole za watu. Umeamkaje?

Fundi: Nimeamka hivyo hivyo. Nyie je?

Dada: Tupo. Tunajikaza. Lakini kaka, uko kazini? Leo?

Fundi: Sasa nikae chumbani nitazamane na ukuta? Ndege ya karibu ni keshokutwa, na nyie mnamzika baba leo. Nikaona bora nishike bisibisi. Mnatoka saa ngapi?

Dada: Gari limeshafika. Shangazi kasimama mlangoni, viatu mguuni, mkoba kwapani, unamjua. Ndiyo maana nimekupigia. Printa ya baba imegoma.

Fundi: Imegoma vipi?

Dada: Tunataka picha yake itangulie mbele ya jeneza. Hakuna, kaka! Mtu kapiga picha mji mzima, harusi za watu, watoto wa watu, yake yeye hakuna hata moja. Tumepekua masanduku mpaka mgongo unauma. Iliyopo ni ile aliyopigwa na shemeji yako kwa simu, amecheka kidogo hivi. Duka la picha limefungwa leo. Fremu ninayo hapa mkononi, tupu.

Fundi: Basi usihangaike, hiyo mashine nilimtumia mwenyewe, naijua nje ndani. Picha umeiweka wapi?

Dada: Kwenye memori kadi. Nimeichomeka pale ubavuni.

Fundi: Safi sana. Na kwa vile mzee alikuwa anaitumia kila siku, itakuwa kitu kidogo tu. Inafanyaje?

Dada: Inawaka taa nyekundu.

Fundi: Na kabla ya hiyo taa?

Dada: Inagonga. Tak, tak, tak. Halafu inanyamaza. Shangazi anasema ipigwe kofi.

Fundi: Mwambie shangazi hii si redio! Asiiguse. Sasa, chomoa waya ukutani. Umechomoa?

Dada: Nimechomoa.

Fundi: Ngoja kidogo ipoe. Chomeka tena, iwashe, nisogezee simu nisikilize.

Dada: Haya... sikiliza.

[Tak, tak, tak.]

Fundi: Hicho ni kigari. Kile kinachobeba wino, kinakwenda kushoto na kulia. Kinataka kutoka nyumbani kwake, kitu kinakizuia. Fungua mfuniko wa juu. Kiko wapi?

Dada: Kulia kabisa, kwenye kona.

Fundi: Angalia njia yake yote. Kipande cha karatasi, pini, kifungo cha shati. Watu huacha kila kitu humo. Juzi nimetoa jino la bandia kwenye mashine ya meneja.

Dada: [anacheka kidogo] Hakuna kitu.

Fundi: Tia kidole nyuma ya magurudumu ya karatasi. Lazima kuna vumbi jeupe, kama unga.

Dada: Hakuna vumbi.

Fundi: Hakuna? Mashine ya miaka yote hiyo? Wino je? Pale chini lazima pamechafuka, kuna kisponji cheusi kimelowa.

Dada: Ni cheupe.

Fundi: Dada, unaangalia penyewe kweli?

Dada: Naangalia, kaka. Ni safi kama sahani ya wageni.

Fundi: Ajabu hii. [mkwaruzo wa mtandao] —sukume kigari kwa kidole, taratibu. Kinasogea?

Dada: Hakisogei. Kimeshikwa na... kuna kamkanda hapa.

Fundi: Kamkanda gani?

Dada: Kama selotepu. Rangi ya chungwa. Kamebandikwa juu ya kigari mpaka ukutani mwa mashine.

Fundi: Rudia.

Dada: Selotepu ya rangi ya chungwa, kaka.

[kimya]

Dada: Haloo? Umekatika?

Fundi: Niko. Huo mkanda unawekwa kiwandani, dada. Ili kigari kisigongegonge njiani. Ukitoa mashine kwenye boksi, cha kwanza kabisa unaubandua. Ukiuacha, haichapi hata nukta. Haiwezi.

Dada: Mm.

Fundi: Baba aliniambia anachapa picha za wanafunzi. Kila nikipiga. "Mashine yako hainipi hata nafasi ya kukaa, mwanangu, wateja wamejaa mpaka uani." Alisema hivyo au hakusema?

Dada: Alisema.

Fundi: Na wewe ulikuwepo?

Dada: Nilikuwa nimekaa ubavuni kwake, namtazama anavyosema.

Fundi: Sasa?

Dada: Sasa nini, kaka? Shangazi, nakuja! Dakika moja! [kwa sauti ya chini] Aliiwasha siku ile ile ilipofika. Akavaa lile shati lake la kazi, la kupigia picha harusi. Akaita majirani. Katriji za wino akazishika mwenyewe, akabandua vile vikaratasi vya kuziba midomo yake polepole, kama anavua mtoto soksi, akazitia. Akawasha. Tak, tak, tak. Taa nyekundu. Akazima, akawasha tena, ikawa vile vile. Majirani wakaanza kuaga mmoja mmoja. Akaniambia, "Nimeiharibu mashine ya mwanangu."

Fundi: Hakuiharibu! Ni kamkanda tu, mtu anabandua kwa ku—

Dada: Niache nimalize, la sivyo sitamaliza. Alikupigia.

Fundi: Lini?

Dada: Jioni ile ile. Ukamwambia uko na mteja, utampigia.

Fundi: Nilimpigia.

Dada: Ulimpigia, sijasema hukumpigia. Ilipita wiki. Na ulivyopiga ukaanza wewe, "Baba, mashine inapiga kazi?" Una furaha hiyo, sauti imejaa chumba kizima. Angekujibu nini? Akasema inapiga kazi vizuri sana.

[mkwaruzo]

Fundi: Na wewe ungeniambia.

Dada: Aliniapisha. Alisema huko uliko una mambo yako, umemnunulia kitu kwa jasho lako, asikupe tena habari kwamba amekivunja kabla hakijatoa hata karatasi moja. Alikuwa anaifunika na kitambaa alichofuma mama. Kila asubuhi anaipangusa. Mgeni akija anafunuliwa kidogo aone, "Kaileta mwanangu hii." Mtu akiomba picha anaambiwa wino umekwisha, umeagizwa.

Fundi: Mimi nilijua ana kazi. Nikatulia kwa sababu nilijua ana kazi. Alikuwa anashinda wapi?

Dada: Kwenye duka la maji. Anaosha madumu.

Fundi: Baba?

Dada: Alfajiri, kabla wanafunzi aliowahi kuwapiga picha hawajaanza kupita barabarani.

Fundi: Maji ya baridi alfajiri, na umri ule. Dada, kile kifua kilichomwondoa kilianza li—

Dada: Kaka.

Fundi: Niambie tu kilianza lini.

Dada: Kaka, watu wamesimama uani. Mkanda niubandue au niuache?

Fundi: Ubandue. Ushike pembeni, uvute kuelekea kwako. Usikwangue.

Dada: Umetoka. Umetoka kirahisi hivyo!

Fundi: Ndiyo. Unatoka kirahisi.

Dada: Nawasha. Kinakwenda! Kaka, kinakwenda, kinarudi! Shangazi, njoo uone!

Fundi: Nakisikia. Kinakwenda vizuri. Taa?

Dada: Imezima... hapana. Imewaka nyingine, ya tone la wino. Inasema haitambui katriji.

Fundi: Hiyo haikosi. Zitoe zote mbili. Nyuma yake kuna vidoti vya rangi ya dhahabu, vipanguse kwa kitambaa kikavu, visibaki na alama za vidole. Na kule ndani ya kigari kuna vidoti vingine, navyo pia. Chini usiguse.

Dada: Nimepangusa na ncha ya kanga. Narudisha. Imeandika iko tayari!

Fundi: Iko tayari. Haya, chapa.

[Mashine inavuta karatasi.]

Dada: Inakuja... inakuja... Nyeupe.

Fundi: Yote?

Dada: Yote. Imeitoa karatasi kama ilivyoingia.

Fundi: Wino umekauka mdomoni mwa katriji. Si alishabandua vile vikaratasi vya chini? Vimekaa wazi miaka yote. Aliweka vizuri kabisa, ndiyo shida, kosa lake ni lile moja tu. Una maji ya moto?

Dada: Yapo ya chai.

Fundi: Lowesha kitambaa, kikamue, kiweke mezani. Sasa ile katriji ya rangi ikalishe juu yake, mdomo chini, kama unamvisha mtoto nepi. Ikae. Usiibonyeze.

Dada: Shangazi anauliza tunapika nini.

Fundi: Mwambie anipe muda. Mwambie namwomba.

Dada: Shangazi, kaka anakuomba... Kakaa chini.

Fundi: Asante. Inua uone. Kuna alama?

Dada: Ipo. Ya njano kidogo, na nyekundu imefifia. Buluu kama haipo, ipo kwa mbali.

Fundi: Basi kuna uhai. Irudishe. Chapa haraka kabla haijakauka tena.

[Mashine inavuta karatasi.]

Dada: Inakuja. Ukuta wa nyuma umetoka, kaka. Umetoka! Nywele... mvi zake, naziona. Paji la uso. Ile mikunjo yake, ya kutazama jua. Inafika kwenye nyusi...

Fundi: Ehe?

Dada: Inafifia. Inafifia, kaka. Nyusi ndiyo hizo, halafu nyeupe. Nyeupe mpaka chini.

Fundi: Rudia. Iloweshe tena, kitambaa cha moto zaidi, halafu—

Dada: Wamewasha gari.

Fundi: Mara ya pili huwa inakubali! Mimi ndiyo kazi yangu hii, dada, nimefufua mashine mbovu kuliko hiyo, za watu nisiowajua hata majina. Iloweshe.

Dada: Nimeshailowesha. Nachapa... Safari hii hata nywele hazijatoka. Ni mistari ya njano tu.

Fundi: Jaribu ile nyeusi. Peke yake.

Dada: Nyeusi ni kama jiwe. Niliikalisha hapo tangu tunaongea, kitambaa hakina hata doa.

Fundi: Basi chomoa waya, subiri, uanze upy—

Dada: Kaka, haitatoka.

Fundi: Haitatoka.

Dada: Nitakata ile karatasi ya kwanza, mpaka kwenye nyusi. Naiweka kwenye fremu hivyo hivyo.

Fundi: Watu watasemaje?

Dada: Waseme. Mimi lile paji la uso nalijua.

[mlio mfupi wa salio]

Dada: Salio la shemeji yako linaisha. Na wewe huwezi kunipigia, yangu imezima, na yeye anaendesha gari la mbele. Kula kitu leo. Usishinde na bisibisi tu.

Fundi: Dada, subiri. Mtafika pale kaburini, si kila mtu ataweka udongo? Na wewe utasogea.

Dada: Nitasogea.

Fundi: Mwambie hakuiharibu.

Dada: Nini? Unakwaruza. Shangazi, natoka, natoka!

Fundi: Mwambie kigari kimekwenda. Mwambie ni nzima, fundi kaithibitisha, hakuvunja kitu! Ni mimi ningetakiwa kuitoa boksini ile siku nikamwambia, baba, anza na ule mkanda—

Dada: Kaka? Sikupati. Nimwambie nani?

Fundi: Baba! Mwambie baba haku—

[Mlio wa simu iliyokatika.]

Fundi: Haloo? Dada? Haloo?