Mwalimu Marcelina Feliksi, Aliyemrusha Lulu Darasa (1948–2023)

Tarehe 14 Machi 1997, Ofisi ya Elimu iliujulisha umma kwamba katika shule zote zilizo chini yake hakuna mwanafunzi aliyewahi kurushwa darasa, wala hatakuwapo. Tamko hilo lilibandikwa mlangoni pa kila mwalimu mkuu, na hadi leo hakuna aliyelitengua. Tunaanza nalo kwa heshima, kwa kuwa marehemu ndiye aliyelisababisha.

Mwalimu Marcelina Feliksi alizaliwa Kalinzi tarehe 3 Mei 1948, binti wa kwanza wa Mzee Feliksi, mkulima wa kahawa. Alianza shule mwaka 1956. Alipofaulu kuingia darasa la tatu, baba yake aliomba arudie la pili amngoje mdogo wake Castory, wapate kufuatana njiani. Mwaka huo, alikuwa akisema, alijifunza somo moja tu, kungoja, na hakulipenda.

Alihitimu ualimu mwaka 1969, akafundisha Simbo, kisha Rusimbi kuanzia 1981 hadi alipostaafu 2008. Mwaka 1972 alifunga ndoa na Dismasi, fundi wa injini za boti, ambaye aliwaonya wageni kwamba nyumbani kwake hata maharage hupewa maksi.

Mwishoni mwa 1996, vita vilipowavusha watu ziwa, Bi Saumu wa Ujiji alimpokea mtoto wa marehemu kaka yake kutoka Uvira: Lulu, mwenye miaka saba na umbo la mitano. Januari akampeleka shule ya Rusimbi, kwa Marcelina. Mtoto alipimwa kwa desturi: mkono wa kulia upite juu ya kichwa, ulishike sikio la kushoto. Kidole kikaligusa kwa shida. Akaingizwa darasa la kwanza.

Kumbe baba yake alikuwa mwalimu, akimfundisha nyumbani. "Mwalimu, hii nilishasomaka," Lulu alisema kila somo, kwa Kiswahili cha kwao na adabu zote. Haukupita muda darasa zima likaacha kufikiri. Likawa linamngoja Lulu.

Marcelina akataka apande la tatu. Bi Saumu akakataa katakata.

"Mwalimu, ndiyo kwanza anaanza kulala bila kulia. Shoga yake ni mmoja tu, Asia, yuko humo la kwanza. Ukimtupa kwa majitu yale ya la tatu, atanyamaza tena. Akili si samaki, haiozi. Ingoje."

"Inaoza, dada. Yangu iliwahi kungojeshwa."

Waliachana wamenuniana. Njiani Marcelina aligundua jambo lililomsumbua sana: Bi Saumu naye alikuwa na haki. Kesho yake akarudi na shauri. Lulu asome la tatu. Kengele ya mapumziko ikilia, ashuke kwa Asia wakaruke kamba.

"Kichwa kipande," alisema, "miguu ibaki."

Bi Saumu akacheka, akakubali.

Machi akaja Ofisa wa Elimu, Bwana Oswald. Alimwita Lulu mbele, akamwamuru ashike sikio. Kwa darasa la tatu, alieleza, kiganja kinatakiwa kulifunika sikio lote, kanuni ambayo shule ilikuwa ikiisikia kwa mara ya kwanza.

"Mkono haufiki, Mwalimu."

"Haufiki, Bwana Ofisa. Muulize kichwani kumefika nini."

Akauliza: wamevuliwa samaki, migebuka hamsini na mitatu, watoto saba, kila mmoja atapata mingapi?

"Saba saba," akajibu Lulu, "na minne inabaki. Ni ya Bwana Ofisa?"

Darasa likaangua kicheko. Ofisa alipoondoka, Lulu alikuwa bado ameketi la tatu. Wiki hiyo hiyo tamko likatoka.

Mwaka 2001 Lulu akawa wa kwanza mkoa mzima katika mtihani wa darasa la saba. Vigelegele vya Ujiji vilisikika hadi sokoni, na sauti kubwa kuliko zote ilikuwa ya Asia, wa darasa la tano.

Marehemu alianza kuugua kisukari mwaka 2015, kisha moyo. Aliwasahihisha wauguzi mahesabu ya dozi, na mara moja wao ndio waliopatia. Alifariki nyumbani Rusimbi tarehe 9 Juni 2023. Mungu ampokee bila kumngojesha.

Ameacha mume, Mzee Dismasi, mdogo wake, Castory, mabinti wawili, Honorata na Skolastika, wajukuu watano, na Lulu, sasa mkaguzi wa shule, ambaye darasa la pili aliliona kwa mara ya kwanza alipokwenda kulikagua.