Muuguzi Aliyeacha Kusema "Mpe Muda"

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, muuguzi mkuu wa kliniki yetu ya masikio anastaafu. Jina lake kamili limo kwenye barua za ofisi. Watoto humwita Bibi Masikio, nasi tumewaiga.

Aliripoti kazini akiwa na miaka ishirini na sita, akapewa chumba namba nne: meza moja, dirisha lisilofungika, na tochi iliyohitaji kuzabwa kofi ndipo iwake. Humo ametoa masikioni mwa watoto shanga, vipande vya vifutio na haragwe moja lililokwisha kuchipua, ambalo mwenyewe aliomba arudishiwe akalipande. Wazazi waliozoea kuchokonoa kwa pini walinyang'anywa pini zao mlangoni, kwa tabasamu na somo fupi: "Sikio si chungu cha kukwangua ukoko!"

Hata hivyo, kila mfanyakazi mpya, Bibi Masikio humsimulia kwanza kosa lake mwenyewe. Katika mwaka wake wa tatu, mama mmoja mshonaji alimleta mwanawe wa miezi kumi, ambaye alikuwa hageuki akiitwa. Bibi Masikio akapiga makofi nyuma ya kichwa cha mtoto, mtoto akageuka. "Mzima huyu," akamwambia mama. "Mpe muda."

Kumbe mtoto alihisi upepo wa makofi tu. Waliporudi alikuwa na miaka mitatu na nusu, hana hata neno moja. Mshonaji hakugomba. Alisema tu, "Nilimpa muda, dada."

Siku hiyo muuguzi wetu alijifungia chumbani akalia. Kisha akajiandikisha pamoja na mshonaji kujifunza lugha ya alama, kila Jumamosi, mtoto akiwa katikati yao. Mtoto aliwapita wote wawili. Leo ni fundi saa mwenye duka lake, na mikono yake huongea haraka kuliko midomo yetu.

Lakini kumsaidia mmoja hakukumtosha Bibi Masikio. Alikwenda kwa daktari mkuu wa hospitali yetu kuomba kwamba mtoto yeyote asitoke wodi ya wazazi kabla ya kupimwa masikio. Akajibiwa: hakuna kifaa, hakuna chumba, hakuna mtu. Mwaka uliofuata akarudi, na mwingine tena, miaka sita mfululizo, mpaka daktari mkuu akawa anapitia mlango wa jikoni asikutane naye. Kifaa kilipopatikana, chumba alikitafuta mwenyewe: stoo ya mashuka, kwa kuwa mashuka hunyonya kelele. Na mtu alikuwa yeye, saa nzima kabla ya zamu, korido zikiwa bado kimya.

Mwaka jana walipimwa watoto wachanga 2,118. Wanne waligunduliwa kuwa na tatizo kabla ya kutimiza miezi mitatu, na wote wameanza kusaidiwa. Hakuna mama aliyeambiwa asubiri.

Hakuishia wodini. Shule moja ya awali ilipakana na mashine ya kusaga, na mwenye mashine alishikilia kwamba watoto watazoea. Bibi Masikio hakubishana naye. Alimkaribisha darasani akae kipindi kimoja kwenye kiti cha mtoto. Mwalimu alimuuliza jina lake mara tatu, mzee wa watu akabaki kutoa macho. Wiki iliyofuata mashine ilihamishwa.

Mumewe, seremala, ametuletea ombi rasmi: aruhusiwe sasa kuongeza sauti ya redio nyumbani. Kamati ya sherehe imelikataa kwa kauli moja.

Bibi Masikio, asante kwa ukaidi wako, na kwa kutufundisha kulikiri kosa na kulifanyia kazi. Ustaafu wako uwe mrefu, wenye afya na wajukuu wengi wa kukuchosha. Ukizinduka alfajiri kwa mazoea, geukia upande wa pili ulale: wauguzi watatu uliowafundisha watakuwa wamekwisha fika kazini.